Banjo inasumbua mbele ya Noeli? Anzia hapa

Desemba ikikaribia, mu korale nyingi za hapa Lubumbashi shida za banjo zinakuwa zilezile. Mtu amepata banjo, pengine ndugu yake alimletea kutoka Afrika Kusini, pengine ilikuwa inalala mu depo ya mission fulani na mtu akamwambia chukua tu, anaifungua, anapiga kamba zote mara moja, inalia muzuri sana, anafurahi, halafu siku ya repetisyo korale inaanza kuimba na ile banjo inakuwa kelele tu. Hapo wote wanasema vidole vyake bado. Lakini mara mingi vidole havina kosa yoyote, kosa iko mu ngozi, ao mu shevale (kale ka mti kenye kubeba kamba juu ya ngozi), ao mu ile kamba fupi ya 5, ao mu toni yenye mwalimu wa korale alichagua bila kuuliza mtu. Vidole njo vya mwisho kuchunguza.

Kwanza hesabu kamba

Inaonekana ni ujinga lakini fanya. Masomo mengi ya intaneti ni ya banjo ya kamba 5, na kama yako si hiyo utatoka jasho bure. Iko na kamba 4? Basi mara mingi ni tenor, inaakordiwa (yaani kamba zinakazwa mpaka zitoe noti zake) do-sol-re-la kuanzia kamba nene, na inapigwa na mediatore, kale ka plastiki ka kushika mu vidole. Iko na kamba 6? Hiyo ni gitare yenye kuvaa ngozi, iakorde mi-la-re-sol-si-mi na upige vile unapigaka gitare yako, huku chini soma tu ya ngozi, ya shevale na ya mikro. Iko na kamba 5, na moja ni fupi inaanzia pembeni ya manshi (ule mkono mrefu wa banjo), ku kaze (nafasi kati ya vyuma vya manshi) ya 5? Njo yenyewe, tuendelee.

(Kama iko na kamba 4 na tumbo lake ni bidoni nzima yenye kufunikwa na ngozi ya mbuzi, hiyo ni karindula, ndugu yangu, na mtu mwenye kupiga karindula hana haja ya mashauri yangu.)

Wale wa video wanasema G, C, D, sisi tumezoea do, re, mi. Basi: A ni la, B ni si, C ni do, D ni re, E ni mi, F ni fa, G ni sol. Banjo ya kamba 5 kwa kawaida iko sol ya juu ku ile fupi (kamba ya 5), kisha re (ya 4), sol (ya 3), si (ya 2), re (ya 1). Ukizipiga bila kushika kitu unapata sol majeri nzima, njo maana ile siku ya kwanza kila mtu anajiona mwanamuziki.

Asubuhi iko juste, jioni imeshuka, na kamba zinanguruma ku manshi

Usitafute mbali, angalia inje. Noeli yetu inaanguka katikati ya mvua. Kama banjo yako iko na ngozi ya kweli ya mnyama, inakunywa ule unyevu: inalegea, shevale inazama, kamba zinakaribia manshi, sauti inakuwa nzito haina makali tena. Jua likitoka, ngozi inajivuta, sauti inapanda. Wapiga ngoma wanajua hii mambo tangu zamani na wanapasha ngoma zao moto, wewe pia fanya vilevile: weka banjo mbali kidogo na mbabula (jiko la makaa), pale mkono wako ungekaa bila kuungua, dakika chache, unaigeuza geuza, kisha njo unaakorde. Kitu usifanye ni kukaza boloni (zile visi za kuvuta ngozi) mpaka mwisho siku ya mvua, ju siku ya jua ngozi itakauka ikiwa imekazwa na utasikia tu "paa!", imepasuka.

Kama ngozi ni ya plastiki, na nyingi za sasa ni za plastiki, mvua haiifanyi kitu, kulegea kumetoka ku boloni zenyewe. Sukuma na kidole gumba karibu na shevale. Ikizama kirahisi, kaza vile fundi anafunga gurudumu ya gari: boloni moja, kisha ile ya ngambo yake, robo ya muzunguko tu, unaenda hivyo mpaka umezimaliza, unaakorde, unasikiliza, na kama bado unarudilia. Mwenye kukaza upande mmoja mpaka uchoke, ile ringi ya chuma italala upande na ngozi itakatika ku ukingo.

Kuko pia hali ingine: kamba 4 zinakaa muzuri, ile ya 5 peke yake inashuka shuka. Hapo si mvua. Ku banjo nyingi za bei ndogo ufunguo wa kamba ya 5 hauna meno ndani, unashika kwa msuguano tu. Ku mwisho wake kuko visi ndogo, chukua turnevisi, kaza kidogo, imekwisha. Na kama unaakorde na kamba inafanya "ting" inaruka noti, inakwama ku kale ka mfupa ka juu ya manshi, chora ndani ya kijia chake na penseli ya kawaida, itateleza.

Kamba wazi ziko juste, ukipanda manshi inapotea

Hii ni shevale, usipoteze wakati na kitu ingine. Shevale ya banjo haikubandikwa, inasimama tu juu ya ngozi ju kamba zinaikandamiza, kwa hiyo ukibeba banjo ku pikipiki, ukaigonga ku mlango, ao mtoto akaigusa, imehama. Umbali kutoka ku mfupa wa juu mpaka kaze ya 12 lazima ulingane na umbali kutoka kaze ya 12 mpaka shevale. Pima na metre ya fundi wa nguo, kisha maliza na sikio: gusa kamba kidogo tu juu ya chuma ya kaze ya 12 bila kuikandamiza, itatoa noti ya kengele, sasa kandamiza kaze ileile na upige. Noti ya kukandamiza ikiwa juu kuliko ya kengele, sukuma shevale kwenda mkiani. Ikiwa chini, ilete kwenye manshi. Kidogo kidogo, milimita moja inabadilisha mambo. Na usitoe kamba zote mara moja, shevale itaanguka na utaanza kila kitu upya.

Wimbo wenye kupima shevale kuliko akordere (kale ka mashini ka kupima noti) yoyote ni "Joy to the World", ju unaanza na ngazi nzima yenye kushuka. Kamba ya 1 kaze ya 5 ni sol, kaze ya 4 fa diyezi, kaze ya 2 mi, wazi re. Kamba ya 2 kaze ya 1 do, wazi si. Kamba ya 3 kaze ya 2 la, wazi sol. Noti nane. Ile sol ya kwanza na ile ya mwisho zisipopatana, rudia ku shevale.

Akordere inasema sawa, korale inasema hapana

Hapa kuko sababu tatu, na ya kwanza inashinda zingine zote kwa mbali: mtu wa klavye amegusa transpozi. Anapiga vidole vya do lakini inatoka re, hata yeye mwenyewe amesahau ju aliiweka Jumapili iliyopita kwa sababu ya sauti ya mwimbaji fulani. Wewe unamuuliza "tuko mu toni gani?", anakujibu "do", unapiga do, kanisa nzima inakunja uso. Usimuulize toni, mwambie apige noti moja ya la na wewe uitafute ku kamba yako.

Ya pili, mnaakorde na telefone wakati grupu (jenereta) inanguruma pale inje na watoto wanacheza nyuma. Ile programu inasikia kila kitu. Akordere ya kubana ku kichwa cha manshi ni muzuri kuliko telefone, inasikia mtikisiko wa mti, haisikii grupu. Angalia pia kama inaonyesha 440, kuko watu wenye kugusa ile namba bila kujua.

Ya tatu, korale inaimba bila ala mistari miwili na wewe unaingia ku wa tatu. Waimbaji wanashuka pole pole bila kujua, hii ni kawaida duniani kote, na mbele ya watu kosa inaonekana yako. Dawa: usingojee mustari wa tatu, wapigie noti mojamoja kimya kimya tangu mwanzo, wapate kitu cha kushika.

Kuko noti moja inapiga kelele juu ya kila kitu

Sasa tumefika ku shida yenyewe, na hapa nitakawia. Kamba ya 5 haibadiliki. Mkono wa kushoto unahama akordi, zile nne zinafuata, yenyewe inaendelea tu sol, sol, sol. Mu wimbo wenye kuwa mu sol njo utamu wote wa banjo. Ku akordi ya do iko sawa ju sol iko ndani ya do. Ku mi mineri pia iko ndani. Ku re inakwaruza kidogo lakini inapita haraka, sikio linasamehe. Sasa jaribu fa. Jaribu re mineri polepole, wimbo wa maombi, kanisa imenyamaza, na ile sol inalia juu yake. Njo hapo watu wanageuka kuangalia ni nani.

Korale haziimbi mu sol kwa kupenda banjo yako. Vitabu vingi vinaandika "Usiku Mtakatifu" mu si bemoli, mwalimu wako anapenda fa, soprano wanapenda kushusha. Basi fanya hivi.

Wimbo uko mu la: kapo (kibanio cha kukandamiza kamba ku manshi) ku kaze ya 2, unapiga vidole vya sol, na kamba ya 5 unaipandisha iwe la. Si bemoli: kapo kaze ya 3, vidole vya sol, kamba ya 5 iwe si bemoli. Mi bemoli: kapo kaze ya 3 lakini vidole vya do, kamba ya 5 tena si bemoli. Do: usifanye kitu, piga vidole vya do na uache sol vile iko. Na fa, ile yenye kuogopesha watu, haina haja ya kapo kabisa: shusha kamba ya 5 kutoka sol mpaka fa, kisha shika fa ya kawaida, yaani kamba ya 4 kaze ya 3, ya 3 kaze ya 2, ya 2 kaze ya 1, ya 1 kaze ya 3. Sasa ile kamba inalia fa, si bemoli itaikubali, na do itakwaruza vilevile re ilikuwa inakwaruza mu sol, si zaidi.

Kusahau kamba ya 5 baada ya kuweka kapo njo sababu namba moja ya kelele za Noeli, kapo inapandisha zile nne tu, ile fupi haifiki kule.

Kuipandisha mpaka la haina shida. Mpaka si bemoli inaanza kuomba huruma, na ukifanya hivyo kila wimbo wa pili itakatika. Wenye kupiga sana wanaweka misumari midogo sana ku manshi, ku kaze ya 7, ya 8, ya 9, wanaingiza kamba chini yake, la iko ku 7 na si bemoli ku 8. Lakini hiyo mpe fundi wa gitare mwenye mkono mwepesi, si seremala wa vitanda. Njia isiyo na gharama ni kuongea na mwalimu wa korale mbele ya programu kuandikwa: nyimbo za toni moja zifuatane. Tatu za sol, kisha mbili za si bemoli, hivyo. Mwalimu wa korale mwenye akili atakubali, mwenye kukataa mwambie akuachie dakika ya kuakorde kati ya nyimbo na utaona vile anabadilisha mawazo.

Mpiga gitare muzuri anashindwa banjo

Hii inatokea sana kwetu. Mu Katanga kuko desturi ya gitare ya vidole viwili, gumba na kile cha kuonyesha, ile tuliirithi ku watu kama Jean-Bosco Mwenda, mwenye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki ya Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Gumba inaenda juu kutafuta besi. Ku banjo gumba ikienda palepale inakuta kamba fupi, yaani noti ya juu kuliko zote zenye kuwa wazi! Dalili yake ni ile: wimbo unakwenda, lakini kila pigo la kwanza linalia kama filimbi.

Usibadilishe vidole, badilisha mahali. Besi yako sasa ni kamba ya 4 na ya 3. Gumba ikae pale ku pigo la kwanza, iende ku ya 5 ku pigo dogo lenye kufuata. Piga hivyo taratibu ku kamba wazi bila wimbo wowote mpaka gumba inazoea. Ukiwa na desturi ya vidole viwili utashinda haraka kuliko mtu mwenye hajawahi kushika kitu, shida ni ile wiki ya kwanza tu.

"Usiku Mtakatifu" inaanguka katikati ya mustari

Masomo karibu yote ya banjo yanafundisha mizunguko ya noti nane. Inaingia ku mapigo manne. "Usiku Mtakatifu" iko ya mapigo matatu. Nane haiingii mu sita, kwa hiyo unabakiwa na noti mbili mkononi, unaharakisha ao unangojea, na korale imekwenda. Tumia muzunguko wa sita: kamba 3, 2, 1, 5, 2, 1, gumba-kuonyesha-kati, gumba-kuonyesha-kati. Inakaa ndani ya mapigo matatu bila kubaki kitu.

Melodi yenyewe ni rahisi mpaka inachekesha: re, mi, re, si. Kamba ya 1 wazi, kaze ya 2, wazi, kisha kamba ya 2 wazi. Kidole kimoja cha kushoto. Kwa hiyo ikikushinda, si vidole, ni ile hesabu.

Na kama iko inasikika imekatika katikati ya maneno, kavu: noti ya banjo inakufa haraka, haiwezi kushika silabi ndefu vile ogani inashika. Usipige melodi tupu. Piga noti ya melodi na nguvu, kisha jaza ule muda na kamba zingine kwa sauti ndogo, hizo za kujaza zisikike nusu ya ile ya melodi. Wengi wanapiga zote sawasawa, melodi inazama, mama mmoja ku benchi ya mbele anauliza huo ni wimbo gani. Akija mtu kukuambia wimbo mtakatifu hauwezi kupigwa na kamba, mwambie huo wimbo wa Gruber (melodi) na Mohr (maneno) uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818, na chombo kilikuwa gitare.

Ba mama wa soprano wanalalamika

Wana haki. Banjo iliumbwa isikike mbali. Ondoa kwanza makucha ya chuma ya vidole, piga na nyama ya kidole. Sogeza mkono wa kulia kutoka ku shevale kwenda karibu na manshi, sauti itakuwa nene na tamu zaidi. Kama nyuma kuko kifuniko cha mti, kifungue. Bado? Kunja kipande cha kitenge, kiingize nyuma kati ya ule muti wa ndani na ngozi, kiguse ngozi kidogo, usikisindilie. Na mu repetisyo za usiku nyumbani, ili majirani walale, bana kibanio cha nguo ku shevale, sauti itashuka nusu.

Mikro inalia wiiii

Larseni. Ngozi ya banjo inakamata sauti ya bafle (spika) na kuirudisha, kwa hiyo usikae mbele ya bafle, na mikro usiilekeze katikati ya ngozi. Iweke sentimita 20 ao 30, ielekee pale manshi inaingia mu ngozi. Kile kitenge cha ndani kinasaidia hapa pia. Umeme ukikatika na shida ya mikro imekwisha yenyewe, mu kanisa ya kadiri banjo inatosha bila kitu.

Kamba imekatika na mu mji hakuna kamba za banjo

Tumia za gitare ya umeme, seti nyepesi yenye kuanza na .010 (ni unene wa kamba, kwa inchi). Ile .010 inaenda ku kamba ya 1 na ya 5 (kwa hiyo tafuta mbili), .013 ku ya 2, .017 ku ya 3, .026 ku ya 4, itakuwa nene kidogo lakini inalia. Banjo nyingi zinataka kamba yenye kitanzi ku mwisho na ya gitare iko na kale ka shaba. Kabane na pensi (koleo) mpaka kapasuke, kitanzi kitabaki. Za gitare ya kamba nene, zile za .012 na kuendelea, ziache, zitavuta manshi.

Na ikikatika katikati ya mkesha? Kama ni ya 5, endelea tu na nne, melodi yako haiko pale. Kama ni ya 1, rudisha melodi chini ku kamba ya 4, ni re ileile, chini tu. Kubadilisha ungojee mahubiri, ila usiakorde padri akiwa anasema.